Mama Fumi na Kuku Aliyesomwa Pande Mbili

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 2005, Bi Fumie Tsukuda atafunga chupa yake ya wino, atapangusa kalamu zake na kustaafu, baada ya kutuchorea kwa miaka kumi na tisa hapa Imprimerie Kalamu Njema. Jina hilo refu hulitumia benki na ofisi ya uhamiaji tu. Bujumbura nzima humwita Mama Fumi, na hata mimi nililazimika kwenda kuuliza jina lake la pili kabla ya kuandika mstari huu. Mkurugenzi wetu, Bwana Gaspard, amenipa nafasi katika programu ya sherehe na kuniomba niwe na adabu. Nitajaribu.

Mama Fumi alizaliwa Japani, na kazi yake ni kuchora manga, yaani zile hadithi za picha ambazo kwao husomwa na watoto, mabibi na mabwana wa ofisini, wote kwa uroho uleule. Alianza akiwa msichana, msaidizi wa mchoraji mmoja mashuhuri na mkali kama pilipili. Msaidizi huko hachori watu. Watu huchorwa na bwana mkubwa, naye msaidizi huachiwa kuta, nyaya za umeme, majani na mvua. Mama Fumi alichora mvua kwa miaka. Anatuapia kwamba mvua ya mtu aliyeachwa na mchumba si sawa na mvua ya mtu aliyekosa basi, na ukimpa kalamu atakuonyesha, nawe utaona kweli hazifanani.

Hatimaye alipewa hadithi yake mwenyewe katika jarida la wasichana, kuhusu binti mwenye duka la viatu. Kila mtu humo alikuwa na macho makubwa kama visahani, yenye nyota ndani. Hadithi ilipendwa sana. Mwaka 1985 akachukua likizo, akaja Bujumbura kumtembelea kaka yake, aliyekuwa fundi wa mashine bandarini. Kaka alimaliza mkataba akarudi kwao. Dada alibaki. Ukimuuliza sababu, atakwambia ni mukeke, samaki wetu wa ziwani, akichomwa vizuri na kukamuliwa ndimu. Tumemchunguza miaka yote hii tukidhani anaficha jambo. Hafichi. Ni mukeke.

Bwana Gaspard alimwajiri mwaka uliofuata achore katika jarida letu la Jirani, na matatizo yakaanza siku ileile. Wasomaji waliona macho yenye nyota wakauliza kama watu hao wana malaria. Ile mistari ambayo mchora manga huichora nyuma ya mtu anayekimbia, ili tuone kasi yake, ilidhaniwa kuwa ni mvua, na mama mmoja alitaka kujua kwa nini mvua ya Mjapani inanyesha kwa ubavu. Tone la jasho tu, lile linaloruka kutoka kwenye paji la uso mtu akiona aibu, ndilo halikumshangaza mtu. Joto la Buja, mji wetu huu, tunalijua sote.

Mama Fumi hakununa. Alipunguza macho, akaacha nyota, akabakiza mistari ya mbio kwa sababu hiyo, alisema, ni chumvi yake. Alihamia mtaa wa Buyenzi, akajifunza Kiswahili kwa mafundi wa magari wa huko, na ndiyo maana mpaka leo anapomsifia mtoto mzuri huongea kama anayesifia injini.

Sasa lazima nimtaje Mama Daphrose, mpishi wetu, kwa sababu bila yeye wasifu huu hauna miguu.

Vita vilipoanza mwishoni mwa mwaka 1993, tuliendelea kufanya kazi kadiri tulivyoweza. Siku nyingine mji ulifungwa, tukalala hapahapa juu ya marobota ya karatasi, watu wa mitaa ambayo huko nje haikuwa ikisalimiana. Mama Daphrose alitupikia maharage yaleyale, kijiko kwa kijiko, bila kuuliza nani katoka wapi. Yeye alikaa Mutanga Nord. Mdogo wake, Léocadie, alikaa Bwiza. Mwezi wa tatu wa mwaka 1995, Bwiza ilipolipuka, Léocadie aliondoka na khanga aliyojifunga tu, akafuata msafara uliopitia Gatumba kuelekea Kongo. Aliyemwona mara ya mwisho alimwona karibu na kizuizi cha mpakani. Baada ya hapo, kimya. Hakuna aliyejua kama yu hai.

Siku chache baadaye Mama Daphrose aliweka sufuria chini, akaenda kwenye meza ya Mama Fumi na kumwomba jambo. Nilikuwa pale, napanga kurasa, na maneno yake nayakumbuka: "Mama Fumi, mi sina barua ya kutuma. Dada yangu hajuaki kusoma. Lakini uso yangu anaijua. We nichore, unichore kila mwezi. Siku moja karatasi itamufikia."

Mama Fumi alikuwa mtu wa macho makubwa na pua ndogo kama nukta. Hakuwa amewahi kuchora uso wa mtu kama ulivyo. Siku hiyo alimkalisha Mama Daphrose dirishani, akamchora pengo la meno, kovu la shavuni, kitambaa cha kichwani kilichofungwa upande mmoja, kila kitu. Kisha, kwa kuwa uso mtupu haujazi jarida, akaubunia hadithi. Hivyo ndivyo alivyozaliwa kuku wetu Sansusi, kuku asiye na wasiwasi, anayemtoroka Mama Daphrose siku ya kuchinjwa. Hadithi haikuwa na neno hata moja, kwa sababu Léocadie hakusoma, na pia kwa sababu humu jaridani tulikuwa tumechoka kugombana kama iandikwe Kirundi, Kifaransa au Kiswahili.

Bwana Gaspard aliipenda mno, akaamuru tuchape nakala nyingi kuliko toleo lolote tulilowahi kulitoa. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo sidhani kama kiwanda kingine chochote duniani kingeweza kulifanya.

Kwao Mama Fumi, kurasa husomwa kuanzia kulia. Miaka yote ya nyuma alikuwa akikumbuka kutuchorea kuanzia kushoto. Lakini safari hii alichora kwa moyo wote, na moyo ukarudi kwao. Alichora mstari mmoja mrefu wa picha uliokata kurasa mbili za katikati, kama zile picha za kukunjua za wazee wake. Kulia kabisa, Mama Daphrose ananoa kisu, sufuria inachemka, kuku yuko kwapani. Halafu kuku yuko mezani. Halafu dirishani. Halafu anapita sokoni juu ya baiskeli ya mtu. Kushoto kabisa, kuku yuko Gatumba, mbele ya kizuizi, amegeuza shingo anatazama alikotoka.

Msimamizi alikuwa mgonjwa wiki hiyo. Mashine ilikuwa mikononi mwa Uthmani, kijana wa Buyenzi aliyejifunza kusoma madrasa kabla hajaenda shule. Aliitazama karatasi ya kwanza ikitoka, akaisoma kuanzia kulia, akacheka, akaona kazi ni safi, akachapa zote. Alipoitwa ofisini alijitetea kwa sentensi ambayo tunaitumia mpaka leo kila mtu akikosea: "Shefu, mi niliisoma vizuri. Imeanzia kuume kama kitabu yote ya maana. Kosa iko wapi?"

Kosa lilikuwa mjini. Buyenzi, ambako kila nyumba ina mtu aliyekaa kwenye mkeka wa madrasa, kuku aliponyoka, na watu wakashangilia. Mitaa mingine, ambako husomwa kuanzia kushoto, waliona kuku mwendawazimu anayetoka Gatumba, anapanda baiskeli, anaingia dirishani na kujikabidhi kwa mwenye kisu. Tena, kwa kuwa alichorwa akielekea kushoto, safari yote hiyo aliifanya kinyumenyume, mkia mbele! Mwalimu mmoja wa Mutanga Sud alituletea maelezo marefu kwamba picha hizo ni siasa. Mama Daphrose ndiye aliyeumia. Majirani walimsimamisha kisimani na kumlaumu kwa uchungu wa kweli: "Mama, ulikulaka kuku yetu, na hukutuitaka!"

Tulizirudisha nakala zote tulizoweza kuzishika, tukazitupa stoo. Mama Fumi aliinama mbele ya kila mmoja wetu kuomba radhi kama wanavyofanya kwao, hata mbele ya mlinzi, ambaye alidhani ameangusha kitu, akainama kumsaidia kutafuta. Kisha akajifungia na kalamu zake. Alipotoka alikuwa na mtindo ambao hata huko Japani, nasikia, hawana.

Wageni hutuuliza ukubwa wa Mama Fumi uko wapi. Uko hapa. Tangu toleo lililofuata, Sansusi alisomeka pande zote mbili. Ukianzia kulia, anaruka kutoka paa la kanisa na kutua juu ya lori la bia. Ukianzia kushoto, anaruka kutoka lori la bia na kutua juu ya paa la kanisa. Kila upande anapona, kila upande unachekesha, na mistari ya mbio imechorwa kwa ujanja kiasi kwamba huwezi kusema upepo unatoka wapi. Jaribu mwenyewe kuchora hivyo picha mbili tu uone. Bwana Gaspard alijaribu. Kuku wake alionekana kama kiatu.

Na nyuma ya kuku kulikuwa na mji. Yule msichana aliyefundishwa kuchora kuta na nyaya hakupoteza masomo yake. Alitembea na kiti chake kidogo, akakaa barabarani akachora kila geti, kila kibanda cha sabuni, kila shimo la lami. Watu wakaanza kuwinda nyumba zao ndani ya hadithi. Kamenge walitaka kuku apite kwao. Ngagara walisema kuku ni wao toka zamani. Zilikuja jumbe za wazee waliovaa koti, kuuliza kwa heshima mtaa wao utafikiwa lini. Wakati ambapo mtu wa mtaa mmoja hakuthubutu kukanyaga mwingine, kuku alikuwa akikatiza kote bila kuonyesha kitambulisho. Yuko mama aliyekata ukurasa mmoja wenye nyumba yake, kwa sababu nyumba yenyewe haikuwepo tena, akaondoka nao. Mama Fumi hakuchora siku hiyo.

Kisha vikaja vikwazo vya nchi jirani. Kuanzia katikati ya mwaka 1996 mipaka ilifungwa, wino ukaisha. Wengine tulishika tama. Mama Fumi alishika ufagio. Alikwangua masizi ya mabomba yote ya moshi mtaani, akachemsha ngozi ya ng'ombe kutoka buchani Buyenzi mpaka ikawa gundi, akavichanganya na kuvikanda jikoni kwa Mama Daphrose, kama wanavyotengeneza wino wazee wake. Wino ulitoka mweusi, mzuri ajabu. Harufu yake siwezi kuieleza katika programu ambayo watu wataisoma wakila. Bwana Gaspard alihamishia ofisi yake uani. Na kwa kuwa wino ulikuwa haba, Mama Fumi akajifunza kuacha nafasi nyeupe: ziwa lote likawa mstari mmoja, na mbingu hakuzichora kabisa. Wataalamu waliokuja baadaye waliisifu sana hiyo nafasi nyeupe na kuiita falsafa. Ilikuwa ni vikwazo.

Na lile toleo la aibu? Halikuisha. Nani atachoma karatasi wakati wa vikwazo? Tuliziba nalo dari, tukainua nalo meza zinazoyumba, tukafungia maandazi. Kila mara Mama Fumi alipoliona aligeuza uso. Lakini Mama Daphrose alimwita Caritas, muuza karanga anayevuka Gatumba kila wiki, akawa anampa robota baada ya robota afungie karanga zake. Karatasi ilikuwa bure, Caritas hakuuliza maswali. Mama Daphrose alikuwa ameelewa jambo dogo tu: mtu anasimamishwa mpakani, lakini karatasi ya karanga hakuna askari anayeikagua.

Miaka ikapita. Kila mwezi alichorwa, na kila mwezi Mama Fumi alikataa kumzeesha. Mvi zilimtoka Mama Daphrose, kitambaa akabadilisha namna ya kukifunga, lakini ndani ya jarida alibaki kama alivyokuwa ile siku ya dirishani, ili anayemtafuta asipotee. Kila Caritas aliporudi, sote tuliacha kazi kidogo, tukijifanya tuna kiu ya chai, kusikiliza. Hakuna kitu. Habari moja ilisema Léocadie alipita Uvira. Nyingine ilisema Uvira nako kulichomwa. Kuna mwaka Mama Daphrose aliacha kabisa kuuliza, na mwaka huo maharage yalikuwa hayana chumvi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa Uthmani, ambaye hulalamika hata mbele ya pilau. Robota la mwisho la toleo la aibu lilitoka stoo mwezi wa pili mwaka huu.

Mwezi uliopita, wa nane, mji ukiwa bado una kelele za uchaguzi na watu wanasalimiana hata wasiojuana, mwanamke alisimama getini kwetu akiwa na mfuko wa nailoni. Mlinzi alimuuliza anamtaka nani. Alitoa karatasi iliyolowa mafuta ya karanga, akaikunjua, akaweka kidole kwenye uso wa Mama Daphrose.

Sitaeleza yote, maana nilikuwa nalia na sikuona vizuri. Mama Daphrose alitoka jikoni na mwiko mkononi, na jambo la kwanza alilolifanya, baada ya miaka kumi, ni kugomba: "We Léocadie! Ulikawia wapi hivi?" Halafu wote wawili wakakaa chini, palepale kwenye changarawe. Maharage yaliungua. Tuliyala yameungua, na Uthmani akaomba nyongeza.

Alikuwa Mboko, mbali kusini mwa Uvira, ambako hata Caritas hafiki. Karanga zilifika mkono kwa mkono, na karatasi pamoja nazo. Mwalimu wa huko ndiye aliyemsomea jina la kiwanda chetu lililo chini ya ukurasa. Lakini picha alizisoma mwenyewe, na kwa kuwa hakufundishwa kusoma upande wowote, alianzia pale alipopajua: kushoto, Gatumba, kwenye kizuizi. Mama Fumi alimuuliza, kwa sauti ndogo, aliona nini. Léocadie alimjibu: "Niliona kuku iko Gatumba, inaangalia kwao. Halafu inarudi. Ilikuwa inatembea nyuma-nyuma juu ya woga. Mi nikasema, eh, hata mi naogopa. Basi, nitarudi nyuma-nyuma vile vile. Apana kubaki."

Mama Fumi aliichukua ile karatasi aliyoikimbia kwa miaka kumi. Akaitazama kuanzia kushoto, polepole, picha baada ya picha, kama mtu anayesoma kazi ya mwingine. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea mashine, na machozi yakamtiririka mashavuni. Alichosema kilikuwa Kiswahili cha Buyenzi kitupu: "Uthmani, ulichapa vizuri."

Wasomaji wanaotaka kujua mwisho wa Sansusi watauona katika toleo la mwezi huu. Hatuwaharibii utamu. Tunasema tu kwamba sufuria ipo, kisu hakipo, na wanawake jikoni ni wawili.

Mama Fumi harudi Japani. Kaka yake amemwandalia chumba, naye amemwandikia kwamba huko hakuna mukeke. Atakaa Buyenzi, na asubuhi atawafundisha wanaotaka kuchora, akianza na mvua. Chakula cha sherehe wanapika Mama Daphrose na Léocadie, na kwa amri ya mstaafu mwenyewe hakuna kuku mezani. Zawadi yetu kwake ni ile karatasi ya karanga, ambayo Léocadie ameitoa kwa hiari yake, tumeitia fremu pamoja na mafuta yake. Tulibishana sana kuhusu upande wa kuipigia msumari, tukaamua kuining'iniza katikati ya ukuta.

Ahsante, Mama Fumi, kwa wino uliotunukia vibaya, kwa mji uliotuhifadhia karatasini wakati sisi wenyewe tulikuwa tunaubomoa, na kwa uso mmoja ulioukataza kuzeeka mpaka mwenyewe alipofika. Siku zako zilizobaki ziwe njema, atakayezisoma aanzie upande wowote.

Sijaona, wa chumba cha kupangia kurasa, kwa niaba ya wafanyakazi wote